Chujio la Mchanga Nyumbani

Maji yang'aayo si lazima yawe maji safi. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho. Nasi tukaao kandokando ya ziwa Tanganyika twajua jinsi ugonjwa huo unavyorudi mara kwa mara.

Mwaka 1892 wenyeji wa Hamburg na Altona, miji jirani ya Ujerumani, walikunywa maji ya mto mmoja, Elbe. Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg haikuchuja. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 katika Hamburg, lakini Altona ilipatwa kidogo tu. Somo hilo twaweza kulifuata nyumbani mwetu.

Chujio letu ni sanduku la saruji, kimo chake karibu mita moja. Chini tuliweka kokoto, juu yake changarawe ndogo, kisha mchanga laini uliochekechwa na kuoshwa. Bomba la kutolea maji limepandishwa ubavuni, ili maji yakitulia yabaki sentimita 5 juu ya mchanga. Hapo, katika utando mwembamba, hukaa viumbe vidogo sana ambavyo hula vijidudu vibaya. Utando huo waweza kuchukua siku 30 kukomaa. Kwa hiyo mwezi wa kwanza tulichemsha maji yote ya kunywa.

Basi, chujio lina uhai, nalo lataka kulishwa. Twalimiminia maji kila siku, kwa maana likikaa zaidi ya saa 48 bila maji mapya, viumbe vyake hudhoofika. Hatutii dawa ya klorini ndani yake, wala hatulihamishi. Maji ya matope twayaacha yatulie kwanza. Yakianza kutoka polepole mno, twakoroga taratibu uso wa mchanga, twateka maji yaliyochafuka kwa kikombe na kuyamwaga. Kisha twangoja tena utando ukomae.

Hata hivyo chujio halimalizi vijidudu vyote. Maji yaliyochujwa twayachemsha au twayatia dawa, na kuyaweka katika chombo safi chenye kifuniko na robine. Ndoo ya kuchotea ziwani haiyapokei kamwe.

Kujenga chujio ni kazi ya siku chache. Kulitunza ni kazi ya kila siku, nayo isiwe ya mama peke yake. Baba aonaye haya kushika ndoo na akumbuke kwamba watoto wake hunywa maji hayo.