Msuka wa Upanga wa Babu

Mfua panga wa Kijapani haandiki jina lake mahali paonekanapo. Huliandika kwenye msuka, ule ulimi wa chuma uzamao ndani ya mpini, na mara nyingine huongeza tarehe upande wa pili. Kwa hiyo, ndugu msomaji, upanga waweza kutundikwa ukutani miaka mingi pasipo mtu kujua asili yake.

Wa kwetu ulitundikwa hivyo. Marehemu babu, askari wa Keya, alisema aliupata Burma, nchi iitwayo leo Myanmar, katika bonde la Kabaw, walimopigana askari wa Afrika Mashariki kwenye mvua na matope ya mwaka 1944. Wapo jamaa walionong'ona kwamba ni pambo tu, alilinunua bandarini akirejea. Baba mdogo, kwa upande wake, aliamini ni wa karne nyingi, akamtafuta mnunuzi.

Kuufungua si kazi kubwa. Mpini, uliovikwa ngozi ya taa na kuzungushiwa utepe, hushikwa na kijiti cha mwanzi kipenyacho tundu la msuka. Nilikigonga taratibu kwa nyundo ya mti, mpini ukachomoka. Binamu yangu akaja na msasa, nikamshika mkono. Kutu ya msuka ni ushahidi: ya karne nyingi huwa nyeusi, na hii ilikuwa hudhurungi. Tena aikwanguaye hukwangua na herufi.

Tarehe ilisomeka. Kumi kwa Kijapani ni mfano wa msalaba. Nane ni mistari miwili iachanayo kama paa la nyumba. Mwaka wa 18 wa Showa! Mwaka wa kwanza wa enzi hiyo ulikuwa 1926. Basi 18 ni 1943. Juu ya jina la mfua palikuwa na muhuri mdogo wa Seki, mji wa mkoa wa Gifu uliofua panga nyingi mno za maofisa wakati wa vita. Muhuri wa namna hiyo ulipigwa kwenye panga zisizofuata njia yote ya jadi, na wakusanyaji huzilipia kidogo.

Lakini upanga uliofuliwa Japani mwaka 1943 ungefikaje mikononi mwa askari wa Keya, ila kwa njia ya vita?

Mnunuzi, aliposikia habari ya muhuri, hakurudi. Baba mdogo aliurudisha upanga alani mwenyewe, kimya, kisha akauliza picha ya babu ya jeshini iko kwa nani.