Klova Izikayo Mbegu Zake

Msafiri apitaye vilima vya Andalus, Sisilia au Algeria mwezi wa Machi huiona ardhi imevaa kijani. Mvua za huko hunyesha wakati wa baridi. Ifikapo Juni jua huwaka, na majani madogo yote hukauka. Huko Andalus ndiko alikozaliwa Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyesafiri Maghribi hata Misri na Sham akichunguza mimea, akafariki Damascus mwaka 1248.

Miongoni mwa majani hayo imo klova moja ndogo, ambayo wataalamu huiita Trifolium subterraneum, yaani klova ya chini ya ardhi. Kwanza, msomaji, tazama jani: lina vijani vitatu mfano wa moyo, na aghalabu kila kimoja kina baka jeupe. Lakini jani peke yake halitoshi, kwani oksalisi ya maua ya manjano, iliyotoka Afrika ya Kusini ikaenea kote huko, nayo ina vijani kama hivyo. Basi tazama ua: la oksalisi hufunguka petali tano zilizo sawa, la klova lafanana na ua la kunde, maana ni jamaa moja. Kisha papasa shina: klova nyeupe ya kawaida hutoa mizizi vifundoni, wala haina manyoya, hii hutambaa pasipo mizizi hiyo, nayo ina manyoya.

Ama alama isiyo na shaka ni hii: maua yakiisha, kikonyo huinama, kikajisukuma ardhini na kuzika mbegu. Kiangazi kikiunguza yaliyo juu, mbegu zimo salama zikingoja mvua.

Mwaka 1889 mkulima Amos Howard aliikuta karibu na Mount Barker, Australia ya Kusini, akaieneza kuwa malisho. Lakini katika miaka ya 1940 kondoo wengi wa Australia ya Magharibi walikosa kushika mimba. Ikabainika kwamba baadhi ya aina zake, kama Dwalganup, zina formononetini nyingi, ambayo tumboni mwa kondoo hugeuka ikafanya kazi ya homoni ya kike. Zikatafutwa aina zilizo salama. Na aina hizo hutengwa kwa alama ndogo, kama baka la jani na rangi ya kikombe cha ua. Mchungaji asiyejali baka hilo huenda akakosa wana-kondoo wa mwaka mzima.