Futari Chini ya Maua ya Sakura

Watu wa Kinjumbi, tulikozaliwa sisi, hawatandiki mkeka kwa ajili ya maua. Mwembe ukichanua husema, "Mungu akijaalia maembe yatakuwa mengi," kisha kila mtu hushika jembe lake. Kwa hiyo tulipofika Tokyo kwa masomo, tulistaajabu kuona watu wanatoka majumbani makundi kwa makundi kwenda kuketi chini ya miti ya sakura, ambayo iliyo mingi mjini haipandwi kwa tunda. Wajapani huliita jambo hilo hanami, yaani kutazama maua. Aina iliyoenea, Somei-yoshino, huzalishwa kwa kupandikiza vikonyo vya asili moja. Ndiyo sababu huchanua pamoja, na baada ya wiki moja hivi hupukutika pamoja.

Mwaka 2023 wenzetu walitualika. Tulikuwa tumefunga Ramadhani, na tulijua ya kuwa pombe ya mchele huzungushwa pale. Badala ya kusema kweli, tulisema tunaumwa kichwa. Funga gani hiyo, ndugu msomaji? Kesho yake mchana bibi mmoja mzee, mpishi wa bweni letu, alitubishia mlango akiwa na bakuli la uji wa mgonjwa. Tulitamani ardhi ipasuke itumeze.

Mwaka 2024 maua ya Tokyo yalikamilika tarehe 4 Aprili, tena ndani ya Ramadhani. Mwaliko ulipokuja tulieleza yote: funga, ulevi, nguruwe, na uongo wetu wa mwaka uliopita. Bibi yule alicheka mpaka akafuta machozi. Akaagiza yatandikwe maturubai mawili katika bustani ya Ueno, moja la wanywaji, na la pili, mbali kidogo, lisilo na chupa hata moja.

Tulifika karibu na magharibi, tukavua viatu ukingoni kama wafanyavyo wote. Waliokuwa upande wetu hawakugusa chakula. Kijana mmoja alihesabu dakika kwa sauti, utadhani yeye ndiye aliyefunga. Tukawagawia tende, nao wakatupa vitonge vya wali vilivyofungwa kwa mwani, kitu ambacho pwani yetu ya Kilwa hulimwa kiuzwe, wala hatukili.

Tulipokwisha kusali, bibi akatuuliza maua ya mwembe wa kwetu yananukiaje. Tukanyamaza. Miaka yote ile tulikuwa tukihesabu maembe tu.