Mguu wa Kuku

Huku kwetu bastola inaitwa mguu wa kuku. Shika paja la kuku wa kukaanga, uelekezee mtu ule mfupa, utaelewa. Nimesikia jina hilo tangu nikiwa mtoto hapa Machakos, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kama huo mguu unafanya kazi. Ukiuona unalala chini. Basi.

Kwa hivyo swali la mteja wangu lilikuwa geni kwangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma kabisa, na tangu hapo nakula kwa kuwaandikia watu nisiowajua: dawa za kupunguza mwili, paa za nyumba za Kanada, mbwa wanaojikuna. Huyu ana tovuti ya bunduki huko Marekani. Alitaka maneno 1,500: mbona bastola ndogo za mfukoni hukwama, na mwenye nayo afanye nini. Mimi sijawahi kushika hata bunduki ya upepo. Lakini landilodi wa Mutituni hajali nimeandika kuhusu nini.

Nikasoma siku tatu, usiku usiku. Kumbe udogo wenyewe ndio ugonjwa. Bastola ya kujipakia hujihudumia kwa nguvu ya mlipuko: risasi ikitoka, kile chuma cha juu kinarudi nyuma, kinatupa ganda, kisha springi inakisukuma mbele na kinabeba risasi nyingine kutoka kwa magazini. Kwenye bastola kubwa chuma ni kizito na safari ni ndefu, kwa hivyo kuna muda. Kwenye ndogo chuma ni chepesi, njia ni fupi, springi lazima iwe ngumu, na kila kitu kinatokea mbio mbio. Risasi ikichelewa kupanda, chuma kinapita juu yake bure au kinaibana vibaya. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na chuma, nguvu inapotea, inakwama. Halafu kuna mfuko wenyewe: vumbi, nyuzi za nguo, jasho.

Na kuna risasi. Zile za .22, ambazo watu huzipenda kwa bei, kiwashio chake kimepakwa ndani ya ukingo wa kitako. Kisipoenea sawasawa, pini inagonga mahali patupu na hakuna kitu. John Browning, alipobuni kijibastola cha mfukoni kilichotengenezwa na FN kule Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, alikipa risasi yake mpya ya milimita 6.35 yenye kiwashio katikati. Mzee alikuwa amefikiria.

Nilipofika kwa pini inayogonga patupu nilifunga laptopu, nikatoka nje.

Mwaka wa 2013, nikiwa darasa la saba, wanaume wawili waliingia dukani kwa mwaitu saa moja jioni. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya sukari na hesabu zangu. Kwenye droo kulikuwa na pesa za chama, na akawaambia, kwa sauti ya mtu anayekataa kukopesha, "Hizi si zangu." Mmoja akatoa mguu wa kuku, mdogo hata ulifichika kwa kiganja. Akafyatua. Tik. Akafyatua tena. Tik. Ilikuwa sauti ya kalamu ya kubonyeza, si zaidi. Wote wawili waliiangalia bastola kama watu waliouziwa simu feki, wakanyakua simu ya mwaitu kaunta, wakatoka mbio.

Jumapili hiyo alisimama AIC akashuhudia: aliyefunga vinywa vya simba kwa Danieli amefunga mdomo wa mguu wa kuku. Askari aliyeandika mambo yetu kwenye OB alikuwa na maoni mengine. Alisema pengine ni ya kujitengenezea.

Kenya tuna historia ndefu na hizo. Wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki msituni kwa bomba la maji, mbao na komeo la mlango, likivutwa kwa springi au mpira wa tyubu. Zingine zililipukia mkononi mwa mwenyewe. Lakini mahakama za wakoloni hazikuwa za kupimana ufundi. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, hakushtakiwa kwa kuua mtu. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Februari 18, 1957. Hata leo, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinataka mwizi awe na silaha hatari, au awe na mwenzake mmoja tu. Wale wawili wangetosha hata bila kufyatua.

Mbele ya sheria, basi, tik si utetezi. Kwa mwaitu, tik ni miaka yote hii tuliyokaa naye.

Nilirudi kwa laptopu. Mteja alitaka suluhisho, nikamwandikia suluhisho: badilisha springi mapema, safisha mfuko, piga risasi za kutosha uwanjani kabla hujaiamini, epuka .22 kama maisha yako yanaitegemea. Nilimwazia msomaji wangu, labda mama fulani wa Texas anayefunga duka usiku peke yake, na nikataka ya kwake ilie. Kisha nikamwona yule kijana wa dukani akisoma aya hiyo hiyo kwa simu ya mwaitu. Inamfaa vilevile, neno kwa neno. Nilitafuta namna ya kuiandika imfae mmoja tu. Sijaipata, na nilijaribu mpaka saa tisa usiku.

Nikaituma. Pesa ziliingia Alhamisi, nikamtumia mwaitu za tokeni za stima. Aliponipigia kushukuru nikamweleza habari ya kiwashio, ukingo, pini kugonga patupu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo risasi," akauliza, "nani aliiharibu?"

Nikamwambia pengine kiwanda. Akacheka, akasema niende kanisani Jumapili, na nimnunulie kilo mbili za ndengu nikipita sokoni.

Mteja ameshaandika tena. Sasa anataka mikoba ya akina mama yenye mfuko wa bastola.