Kosa 403 na ujanja wa 777

Leo siongelei siasa. Naongelea seva, na naomba msikimbie, maana mwisho wa yote hii ni habari ya watu.

Tovuti ya chumba chetu cha habari ilikuwa na tabia ya kuzimika usiku. Mhariri alikuwa anajua asubuhi, tena kwa kupigiwa simu na wasomaji. Ndipo ikaamuliwa tufunge Nagios. Kwa wasioifahamu, hii ni programu huria ya kuchunga seva, aliyoianzisha Ethan Galstad wa Marekani mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, ikabadilishwa jina mwaka 2002. Inafanya kazi kama mlinzi wa zamu: kila baada ya dakika chache inagonga mlango wa kila huduma na kuuliza kama ipo. Ikikosa jibu, inakutumia barua pepe. Hali ya mambo unaiangalia kwa kivinjari, kupitia Apache. Na hapo kwenye kivinjari ndipo vituko vinapoanzia.

Fundi wetu alimaliza kuifunga mchana. Nilikaa naye kwa sababu zamu ya usiku ilikuwa yangu. Tukaandika anwani, ikatuomba jina na neno la siri, tukaingiza. Jibu likaja: 403, hamruhusiwi.

"Ah, dada yangu, hizo ruhusa tu," akasema. "Napiga 777 tunamaliza kazi."

Sasa, 777 maana yake ni kwamba kila mtumiaji wa mashine hiyo anaweza kusoma, kubadili na kuendesha faili utakazozifungulia. Na kwenye seva ile ile kulikuwa na barua za wasomaji, zikiwa na majina na namba za simu za watu waliotueleza rushwa inavyokwenda ofisini kwao. Tuliwaahidi kwamba majina yao hayatatoka. Nikamwomba tusome logi kwanza.

Namba hizi za makosa zina lugha yake. 401 inauliza wewe ni nani. 403 inasema nimekusikia ila sikupi. 404 inasema hicho kitu hapa hakipo. 500 inasema nimejaribu, nimekwama ndani. Lakini namba haikupi sababu. Sababu imo kwenye logi ya Apache: kwa jamii ya Red Hat ni /var/log/httpd/error_log, kwa Debian na Ubuntu ni /var/log/apache2/error.log.

Tukafungua. Logi haikulalamikia ruhusa za faili hata kidogo. Ilisema haioni ukurasa wa mwanzo. Ukurasa wa mwanzo wa Nagios ni index.php, na mashine ile haikuwa na PHP, kwa hiyo Apache ilikuwa inatafuta index.html peke yake. Ikiukosa, na imekatazwa kuonyesha orodha ya faili, inajibu 403. Hata ungepiga 777 mara mia, isingefunguka. Tukafunga PHP, tukaiwasha Apache upya, ukurasa huo hapo.

Furaha ya dakika mbili. Kubofya orodha ya mashine: 500. Safari hii logi ilisema Apache imenyimwa kuendesha status.cgi, ingawa ruhusa za faili lile zilikuwa sawa kabisa. Fundi akataka kuizima SELinux, na ukweli ni kwamba ushauri wa namna hiyo umejaa kila mahali.

SELinux ni mlinzi wa pili. Haitazami ruhusa za kawaida, inatazama lebo ya kila faili. Faili za Nagios hazikuwa na lebo inayoiruhusu Apache kuziendesha. Dawa ni kuzipa lebo hiyo: semanage fcontext inaandika kanuni, restorecon inaitekeleza. Chcon nayo inafanya kazi, ila lebo yake inaweza kufutika siku mfumo ukipanga lebo upya. Ilituchukua kama saa moja. Kuizima kungechukua sekunde tano.

Kinachonichekesha ni kwamba SELinux ilitokana na kazi ya NSA, shirika la Marekani linalojulikana kwa kusikiliza mawasiliano ya watu, likaitoa hadharani mwaka 2000. Leo inalinda siri za watoa habari wetu. Dunia hii!

Kosa likiondoka si lazima liwe limetibiwa. Ukizima walinzi wote, bila shaka mlango utafunguka, na utafunguka kwa kila mtu. Aliyetuamini akatutajia jina la bosi wake hajui 777 ni nini, na hatakuwepo siku fundi anapoiandika.

Kwa hiyo ukimwona mtu anataka kuiandika kwenye seva yenye majina ya watu, mshike mkono. Mwambie asome logi kwanza.