Maabara ya Ukubwa wa Stempu

Darasani mwetu tuko wanafunzi arobaini na watano, na bureti za maabara ni nane. Siku ya kazi ya vitendo twapanga foleni kama akina mama bombani. Kwa hiyo mwalimu wetu wa kemia alipotueleza habari za maabara inayoenea kiganjani, wengine walicheka. Mimi nilibaki nyuma kumwuliza.

Mwaka 1979 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichonga mfereji mwembamba katika bamba la silikoni, wakapata chombo cha kutenganisha gesi. Siku hizi mifereji ya namna hiyo ni myembamba kama unywele. Faida yake si kupunguza dawa tu. Tumesoma jinsi chembe zinavyosambaa majini: safari ikizidi mara kumi, muda huzidi mara mia. Basi ukifupisha safari mara kumi, wapunguza kungoja mara mia!

Lililonishangaza zaidi ni pafu. Mwaka 2010 Dongeun Huh, Donald Ingber na wenzao wa Harvard walitangaza kipande cha mpira angavu chenye mifereji miwili, katikati utando wenye vitundu. Upande mmoja wa utando zimeoteshwa chembe hai za pafu la mtu, nazo zapata hewa; upande wa pili ni chembe za mishipa ya damu. Utando huvutwa na kuachiwa, kana kwamba mtu anapumua. Mtafiti akitia bakteria, aona kwa darubini chembe nyeupe za damu zikivuka kuwakamata. Katika panya si rahisi kuyaona hayo, na tena panya si mtu.

Rafiki yangu mmoja asema hayo ni mambo ya wenye fedha. Si yote. Mwaka 2007 George Whitesides na wenzake, wa Harvard pia, walionyesha kipande cha karatasi kinachopima sukari na protini katika mkojo. Nasi tulijaribu: tukachora mfereji wenye matawi mawili kwa nta ya mshumaa juu ya karatasi ya kuchujia, tukapitisha pasi ya moto ili nta izame. Tawi moja tulilitia litmasi ya buluu, la pili tone la iodini. Maji ya wali yenye siki yalipanda yenyewe. Huku pakawa pekundu, kule peusi. Bureti hatukuigusa.

Shangazi yangu alikohoa miezi mitatu. Makohozi yake yalipelekwa mjini kwenye mashine ya kifua kikuu, ile iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Kazi yote hufanyika ndani ya kikopo cha plastiki, na jibu hutoka kabla ya saa mbili kupita. Sisi tulilipata wiki ya tatu. Sayansi ilikwisha maliza kazi yake. Kilichochelewa ni pikipiki. Shangazi amepona, lakini bintiye mdogo, aliyelala naye kitanda kimoja siku zote hizo, ndiye anayemeza dawa sasa.

Baba apenda nisome uhasibu. Katika fomu nimejaza Fizikia, Kemia na Biolojia, nami nimemwandikia barua kumweleza kwa nini. Bado hajajibu.