Kushuka Mto Kongo, Njia ya Mchungaji Grenfell

Habari za mto Kongo kwetu zilikuwa habari za mbali, hata tulipofika Kisangani na kuwasikia watu wa sokoni wakibishania bei ya samaki kwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja, tena kimechanganyika na Lingala, lakini twalikielewa. Tukafurahi, tukajiona kama tumefika nyumbani. Furaha ile ilipungua kabla ya safari kwisha, na sababu yake ndiyo tunayotaka kuwaeleza.

Karibu na mji mto waporomoka juu ya miamba. Hapo wavuvi wa Kigenya husimamisha miti mirefu katikati ya maji yaendayo kasi, na kufunga juu yake madema makubwa kupita mtu. Mahali hapo ndipo alipofika Mchungaji George Grenfell, wa Misioni ya Wabaptisti wa Uingereza, katika mwezi wa Desemba 1884, akiwa na merikebu ndogo ya moshi iitwayo Peace, maana yake Amani. Urefu wake ulikuwa futi 70. Iliundwa kando ya mto Thames, ikafunguliwa vipande vipande, ikawa mizigo yapata 800, nayo ikachukuliwa na wapagazi kuyapita maporomoko yaliyo karibu na pwani. Mafundi waliotumwa kuja kuiunga walikufa kwa homa. Basi Grenfell, ambaye katika ujana wake alijifunza kazi ya vyuma huko Birmingham, akaiunga mwenyewe pamoja na vijana Waafrika, ikaelea.

Mtu huyu alizaliwa Cornwall mwaka 1849, akafika Afrika, katika nchi ya Kameruni, mwaka 1875. Mke wake wa kwanza alikufa kabla ya miaka miwili kupita. Baadaye alimwoa Rose Edgerley, mwanamke wa asili ya Jamaika, akaishi naye mpaka mwisho. Mwaka 1899 walimzika binti yao Patience.

Tulishuka mto kwa mtumbwi wenye mashine, tukalala Yakusu, ambako Wabaptisti walijenga kituo katika miaka ya 1890, na baadaye hospitali. Jioni mzee mmoja, mwalimu wa zamani, alituuliza tumetoka wapi. Tukamjibu kwamba twatoka upande wa pwani ya mashariki. Akacheka, akasema, "Karibuni, wanangu. Zamani watu wa kwenu walipofika, babu zetu hawakuwakaribisha, walikimbilia maji." Hakusema kwa uchungu, lakini hatukuwa na neno la kumjibu.

Maana Grenfell alipopita hapa mwaka ule wa 1884 aliona vijiji vilivyoteketezwa moto, na wakimbizi wakiishi ndani ya mitumbwi yao. Waliofanya hayo walikuwa watu wa Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip. Wenyeji waliwaita Batambatamba. Lugha ya amri zao ilikuwa Kiswahili, lugha hii hii tunayoombea na kufundishia watoto wetu. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kizuri, na kitabu chake chasomwa hata leo; alikufa Unguja mwaka 1905.

Siku ya pili tulipita Isangi, ambapo mto Lomami waingia, na baada yake Yalemba. Katika nchi hii alizaliwa mtoto aliyeitwa Disasi Makulo. Watu wa Tippu Tip walimkamata angali mdogo. Stanley alimkomboa, na baadaye akawekwa mikononi mwa Grenfell, akalelewa katika nyumba yake, akajifunza kusoma, akasafiri katika merikebu. Alipokuwa mtu mzima alirudi kwao kuhubiri. Fikirini, ninyi wazazi, jinsi nyumba ile ilivyompokea mwana aliyedhaniwa amekwisha kufa.

Hapo hatuna budi kusema pia kosa la Grenfell, kwa kuwa wasifu usiotaja makosa haumfai msomaji. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipoishika Kongo, Grenfell aliiamini serikali yake. Aliona kwamba imewazuia wakamata watumwa, akadhani wema utaendelea. Mwaka 1896 alitiwa katika Tume ya kuwalinda wenyeji. Tume hiyo iliundwa na watu wakaao mbali mbali, tena mbali na misitu ya mpira, nao hawakukutana ila mara chache. Wakati huo watu walikuwa wakipigwa, wakifungwa na kuuawa kwa ajili ya mpira. Wengine walipaza sauti mapema kuliko yeye. Macho yake yalifumbuka polepole, na mwaka 1904 alisimama mbele ya Tume ya uchunguzi huko Bolobo, akashuhudia. Sisi twaona alichelewa. Lakini wako waliojua mengi kuliko yeye wasiosema kamwe.

Serikali ile ile ilimnyima kwa miaka mingi ruhusa ya kujenga vituo vipya upande huu wa juu. Hivyo kazi ya Yalemba, aliyoitamani sana, ilianzwa na Disasi miongoni mwa watu wake mwenyewe. Grenfell aliijia mwishoni, akiwa mgonjwa. Homa ilipomzidi, vijana wake walimtia katika Peace, merikebu ile ile aliyoiunga kwa mikono yake, wakamshusha mpaka Basoko kumtafutia mganga. Akafa huko tarehe 1 Julai 1906, umri wake miaka 56, akazikwa. Disasi aliishi miaka 35 baada yake. Alimsimulia mwanawe maisha yake, na kitabu kikatolewa Kinshasa mwaka 1983.

Tulifika Basoko alasiri, mahali mto Aruwimi uingiapo Kongo. Maji ni mapana, na ng'ambo ya pili yaonekana kama mstari tu. Tulikaa ukingoni tukiongea juu ya yule mzee wa Yakusu, na jibu ambalo tungeweza kumpa. Mpaka jua likapungua, na mwenye mtumbwi akatuita kwa Kiswahili chake cha Kisangani, tupande upesi, mvua yaja.